Swaumu na Maji ya Safu ya Juu

Mwaka 1976, kijiji kimoja cha Ujamaa kando ya Magoma kilikuwa na nyumba thelathini na mbili, safu nne zilizopanda mteremko. Aliyezipima alipenda mistari iliyonyooka. Watu wangejua wenyewe watakavyoishi humo. Katika safu ya juu, karibu kabisa na tangi la maji la kijiji, alikaa Swaumu, mjane wa fundi bomba wa shamba la mkonge.

Swaumu hakusomea ufundi. Kwa miaka kumi na minne alimbebea mumewe mfuko wa vyuma, akamshikia bomba, akamsikiliza akiyatukana maji kana kwamba yana masikio. Mume alipofariki, kijiji kikaomba mabomba chakavu ya shamba ili kimwagilie bustani za nyumbani, na hapakuwa na mwingine aliyejua kuyaunganisha. Ndivyo mwanamke asiyeombwa shauri hata la chumvi alivyokuwa mtu wa kuulizwa. Alilipenda jambo hilo kuliko alivyothubutu kusema.

Tatizo likawa usawa. Kamati ilikaa ikaamua kwamba, kwa kuwa watu wote ni sawa, koki zote zifunguliwe sawa: saa kumi na mbili asubuhi, mizunguko mitatu kila nyumba. Swaumu aliwaeleza kwamba maji hupenda kuteremka, na walio chini watayamaliza kabla wa juu hawajanawa uso. Akaambiwa hayo ni mawazo ya kibwanyenye.

Asubuhi ya kwanza, mpira wa maji wa mwenyekiti Muhidini, aliyekaa safu ya chini, uliruka kama nyoka aliyekanyagwa. Ukang'oa mchicha, ukamfukuza kuku hadi jikoni, ukamlowesha Muhidini kanzu aliyokuwa ameivaa makusudi kwa ufunguzi. Huko juu, koki ya Zuena, jirani yake Swaumu, ilikohoa mara mbili ikanyamaza.

Muhidini alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Swaumu, kwa hiyo shemeji, na shemeji ana ruhusa ya maneno.

"Shemeji Swaumu," alimwambia akikamua kanzu, "hata maji yanaijua nyumba ya mwenyekiti."

Lakini vitunguu vya safu ya juu vilipoanza kunyauka, utani ulikwisha. Kamati ikampa Swaumu mpaka Ijumaa. Safu ya juu isipopata maji, kazi atapewa Laurenti, fundi baiskeli, ambaye aliahidi kuyavuta maji kwa pampu ya tairi.

Swaumu alilala siku mbili akiwaza. Siku ya tatu akatoa mvunguni katambuga za marehemu, zile ndala za tairi, akazishika kitambo. Mumewe alikuwa na miguu mikubwa, na katika maisha yao yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza miguu hiyo kumletea mtu faida. Akazikata vipande vya mviringo ishirini na vinne. Vya safu ya chini akavitoboa kwa msumari mwembamba, vya iliyofuata kwa msumari mnene, vya safu ya tatu akavitoboa tundu pana zaidi kwa chuma cha moto. Akavibana kwenye maungio ya mabomba, nyumba kwa nyumba. Safu ya juu hakuitilia kitu.

Muhidini alipogundua, aliita mkutano. Tundu lake, alilalamika, halipitishi hata punje ya mtama, na bomba la Zuena limeachwa wazi kama mlango wa msikiti. Huo ndio Ujamaa?

"Msipime tundu," Swaumu alisema. "Pimeni debe."

Hapakuwa na mtu mwenye saa. Ikakubaliwa Mzee Mbaruku ahesabu kwa tasbihi, nyumba moja ya kila safu, koki zote kijijini zikiwa wazi. Debe la Muhidini lilijaa kwa punje arobaini. La safu ya pili arobaini na moja. Safu ya tatu mzee alifika akihema, akahesabu polepole kwa tabu, debe likajaa kwa punje ishirini tu. Muhidini akasimama kudai ameibiwa. Swaumu akamwomba mzee akae, akampa uji, akangoja pumzi irudi. Mzee akarudia kuhesabu: arobaini na mbili. Kisha akasindikizwa polepole hadi kwa Zuena kama bwana harusi, watu wawili wakimshika mikono, akapumzishwa tena kabla ya kuanza.

Kwa Zuena watu walisogea karibu. Swaumu hakutazama debe. Alitazama vidole vya mzee. Vilipofika arobaini na tatu, Zuena akasema limefurika na miguu yake imelowa, wala hakutaka kuisogeza.

Mikono ikanyooshwa kumkubali Swaumu. Laurenti naye alinyoosha wake, labda kwa kuwa alikuwa amekwisha kuijaribu ile pampu. Kazi ikabaki kwa Swaumu. Wanawake wa safu ya juu waliondoka mbio kwenye vitunguu vyao, yeye akateremka na shemeji yake kukagua bustani ya chini.

Muhidini alifungua koki. Maji yakatoka taratibu, yakaloanisha mizizi bila kung'oa kitu.

"Kazi ni yako, shemeji," alisema kwa huzuni. "Lakini maji yangu sasa yanakuja kama ya watu wengine."

"Ndiyo," Swaumu akamjibu. "Yamejiunga na kijiji."

Muhidini akainama akaanza kumwagilia mchicha uliobaki.