Tumbo Nililoliita Mimba

Wanawake wenzangu, asalamu aleikumu. Mimi ni Salma, mke wa Faki, wa hapa hapa Wesha. Leo nitasema mambo ambayo mwanamke huyasema chumbani tu. Nayasema kwa sababu kuyaficha kuliniumiza mimi, na kukamuumiza mtu asiyekuwa na kosa.

Zamani nilikuwa mtu wa bonde. Nikilima mpunga, nikichuma karafuu, nikirudi na mzigo wa kuni kichwani. Nilikuwa mwembamba, kanga inanizunguka mara mbili. Kisha, miaka ile ya siasa kabla ya uhuru, mwanangu wa kwanza aliyekuwa na kazi Unguja akaniletea charahani. Nikaacha bonde. Kutwa nimekaa nashona, birika la chai ubavuni, sukari vijiko vinne, na mkate wa kumimina. Nikajiona nimepumzika.

Nilikuwa na miaka arubaini na tisa hedhi ilipoanza kuruka. Mwezi huu inamwagika kama maji, miezi miwili haipo. Joto linanipanda kutoka kifuani mpaka utosini, jasho linalowesha shuka. Usingizi ukawa wa vipande vipande, na nikiamka nina njaa ya ajabu, nataka vitamu. Kisha hedhi ikakatika miezi mitano. Tumbo likatoka mbele, kanga ikawa haifungiki.

Nikasema nina mimba.

Na nani asingetaka? Binti yangu wa mwisho alikuwa keshaolewa, nyumba iko kimya. Mume wangu alifurahi hata akaanza kuchonga kitanda cha mtoto. Majirani wakanipa hongera. Mmoja tu hakunipa, naye ni mdogo wangu Time, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

"Dada, niwie radhi," aliniambia siku moja tunachambua mchele. "Hiyo si mimba. Ni umri. Mimi pia imenikatika tangu mwaka jana, na nimenenepa vivyo hivyo. Twende hospitali Chake tukaulize."

Time hakujaaliwa mtoto. Waume wawili walimwacha kwa sababu hiyo. Nilikuwa nayajua yote hayo, na bado nikamwambia, "Wewe tumbo lako halijabeba hata siku moja. Mimba utaijulia wapi? Hiyo ni husuda tu."

Alimaliza mchele uliobaki kwenye ungo, akaufunika, akajitanda kanga yake akatoka.

Mkunga alikuja nilipohesabu mwezi wa saba. Akanipapasa muda mrefu, kisha akaosha mikono.

"Bi Salma, humu hamna mtoto. Ni unene, mwanangu."

Mume wangu alikibomoa kile kitanda, mbao akatengenezea banda la kuku.

Kwa aibu nikazidi ujinga. Nilitaka tumbo liondoke kwa nguvu. Nikanywa haluli, ile dawa ya kuharisha, kila siku, nikala uji mwepesi mara moja tu. Nyama za mikono na mapaja zikaisha, tumbo likabaki pale pale. Choo kikawa maji matupu. Moyo unadunda ovyo, miguu inatetemeka. Asubuhi moja niliinuka kwenye charahani, dunia ikawa giza, nikaangukia birika la moto. Mkono huu uliungua mpaka kiwiko.

Nilizindukana ndani ya gari ya ng'ombe, njiani kwenda Chake. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Time.

Daktari alinipima, akaniuliza mengi, hata namna ninavyolala. Kisha akasema, "Mama, hii si ajabu. Hedhi ikikoma, mafuta huhamia tumboni na misuli hupungua. Wewe ukaacha kulima, ukazidisha sukari, na usingizi huna. Yote yamekutana. Haluli haitoi mafuta, inatoa maji na chumvi za mwili. Ungekufa."

"Sasa nile nini?"

"Kula samaki, kunde, mchicha. Punguza sukari. Na urudi shamba."

Nililala hospitali siku kumi na mbili. Time alinilisha kwa mkono wake, akanisafisha, akanifulia nguo zilizochafuka. Niliporudi nyumbani akawa ananipitia kila baada ya sala ya alfajiri, twende bondeni. Mwanzo tulikwenda nusu ya njia tu, nikakaa chini nikihema. Misimu miwili ya mpunga ikapita ndipo nguvu zikarudi. Unene haukuondoka wote, lakini napanda kilima bila kusimama, na usiku nalala.

Siku moja bondeni, matope magotini, nikamwambia, "Time, neno lile nililokwambia, nisamehe."

"Nimekusamehe, Dada. Zamani." Aliendelea kupandikiza. "Ila usiniambie nisahau. Neno lile kwa waume nilikuwa nalingojea. Kwako sikulitarajia, tumenyonya ziwa moja."

Alhamdulillahi, nimepona. Nawaambieni, hedhi ikikatika na mwili ukibadilika, msikae na dhana, nendeni mkapimwe. Yaweza kuwa mimba, yaweza kuwa umri, yaweza kuwa maradhi. Msijiue kwa njaa wala haluli. Na ndugu akikwambia usilolipenda, meza mate kwanza. Mimi sikumeza. Mpaka leo, akizaliwa mjukuu nyumbani kwangu, Time hupika uji wa pilipili manga wa mzazi, akautuma. Mwenyewe haji.