Siku Bibi Mvuto Aliposhindwa Kushuka

Waliokuwepo siku ile nawataja wote mapema, asije akatokea mtu akasema naye alikuwepo na kuongeza chumvi yake. Alikuwepo mdogo wangu Sudi, mwenye kitabu. Mdogo wangu Zuhura, mwenye kamba. Baba mdogo Hamisi, aliyetoka Urambo kuja kutuhukumu. Mzee Chomola, mwenye funguo za ukumbi. Mama Shabani, jirani yetu muuza maandazi, pamoja na nusu ya mtaa wetu wa Chemchem aliyoialika kwa mdomo wake mwenyewe. Na mimi Mwajuma, niliyekuwa juu. Hao wengine wanaosimulia mpaka Igalula kwamba nilining'inia hadi magharibi, waulizeni walikalia benchi gani.

Aibu niliipata, sikatai. Ila nisikilizeni mpaka mwisho, mtajua kwa nini naisimulia nikiwa nimenyoosha shingo.

Sudi anachora. Alianza kuchora kabla hajajua kuandika jina lake, kwenye karatasi za kaki ninazokatia mitindo (mimi ni fundi cherehani, niliacha shule kidato cha pili baba na mama walipotutoka, nikakalia kiti cha mama mbele ya cherehani yake na sijainuka mpaka leo), na mwaka huu, baada ya kumaliza kidato cha nne, alikamilisha kitabu kizima cha katuni kuhusu mwanamke mwovu anayetawala uzito, jina lake Bibi Mvuto. Bibi Mvuto akikunyooshea kidole unanata ardhini kama umepigiliwa misumari, akikigeuza kidole juu hata ng'ombe dume anapaa kama jivu. Makazi yake ni kwenye njia ile ya zamani ya misafara, na wapagazi wakipita anawazidishia mizigo mpaka magoti yanagusa vumbi, wanaitupa, kisha yeye anaipunguza uzito na kuondoka nayo yote, pembe, nguo, chumvi, inaelea nyuma yake kama vifaranga vinavyomfuata kuku. Nilipousoma mkasa ule nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote, halafu nikamtazama usoni vizuri, nikaona ni mimi.

"Nilihitaji mtu anayejua kukunja uso, dada," Sudi akasema.

Baba mdogo Hamisi yeye hakuona cha kuchekesha. Ni mkulima wa tumbaku, mtu wa haki, na ndiye aliyetuletea mahindi miaka ile ya mwanzo ambapo cherehani ilikuwa inanishinda, kwa hiyo neno lake kwetu si neno la kurushwa nje kama maji ya kuoshea vyombo. Alisema kijana aliyemaliza shule hawezi kukaa akichora vikaragosi huku Urambo kuna mashamba yanataka mikono.

"Hii ni kazi, baba mdogo," nikamwambia.

"Kazi ina watu wanaoihitaji, mama. Nionyeshe watu."

Tukakubaliana hivi: Sudi akodi ukumbi, awasomee watu kitabu chake huku akiwaonyesha michoro, na baba mdogo akae nyuma atazame. Watu wazima wakitulia wakamsikiliza, Sudi anabaki Tabora na kalamu zake. Wakiondoka, au wakimcheka, Jumatatu anapanda treni ya Urambo. Sudi alinitazama mimi, hakumtazama baba mdogo, na mimi nikajibu kwa niaba yake kwamba tumekubali (ndivyo walivyo wazaliwa wa kwanza, mdomo wao unatangulia).

Sasa sikieni uamuzi wenyewe, ule mdogo uliozaa mengine yote. Mpango ulikuwa rahisi: kurasa zichorwe kwa ukubwa, zianikwe kwenye kamba mbele ya watu, Sudi asome, na mwishoni mimi nitokee nimevaa gauni la Bibi Mvuto, nisimame juu ya kigoda, niseme maneno yangu, tupigiwe makofi, twende nyumbani. Lakini nilipomaliza kulishona lile gauni, mahameli ya zambarau iliyobaki kwenye kazi ya bibi harusi mmoja, nikajitazama kwenye kioo, kichwa kikavimba. Nikasema Bibi Mvuto hawezi kusimama juu ya kigoda kama mwanamke anayebadilisha balbu. Bibi Mvuto lazima apae.

Kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, tuliazima kwa wachimba visima, kamba pia. Mkanda wa kunibeba niliushona mwenyewe kwa turubai, chini ya gauni, mishono mitatu mitatu. Kilichobaki ni kitu cha kuninyanyua, kinachokaribia uzito wangu, na kitu hicho kilikuwa sebuleni kwetu tangu kiangazi: robota la tumbaku la baba mdogo, lililokataliwa sokoni kwa sababu ya kuchanganya majani mazuri na mabaya, akaliacha kwetu mpaka atakapopata nafasi ya kulichambua upya. Kilo zake zilikuwa zimeandikwa ubavuni kwa wino mweusi, nazo zilikuwa pungufu kidogo ya zangu. Nikaona kama vile liliumbwa kwa ajili yangu.

Tukalipeleka ukumbini, tukafunga kapi kwenye boriti, tukalijaribu. Robota linavutwa juu hadi karibu na boriti, nyuma ya pazia, linafungwa kwenye nguzo; upande wa pili wa kamba nipo mimi; Zuhura akifungua fundo, mimi naisukuma sakafu kwa vidole tu na kupanda taratibu hadi kimo cha meza, naelea, kisha nashuka kwa adabu. Mzee Chomola alipiga makofi. "Wanyamwezi hatimaye," akasema, "mmepata njia ya kusafiri bila kubeba mzigo."

Mzee Chomola ni Mgogo, mstaafu wa reli, na Mgogo kwa Mnyamwezi ni mtani tangu enzi za misafara, babu zetu wakipita kwao na mizigo mabegani na wao wakiwatoza ushuru wa njia na wa maji. Kwa hiyo mimi na yeye hatujawahi kuamkiana kama watu. Mimi humwita mtoza ushuru, yeye huniita punda wa Waarabu, na siku ikipita bila tusi tunaulizana kama kuna mgonjwa.

Baada ya majaribio robota likarudi nyumbani, na mvua ikaanza. Ikanyesha ile ya kuotesha uyoga kwenye viatu. Sikuwaza lolote. Mimi niliyelelewa kwa tumbaku, niliyefunga majani kabla sijaanza shule, ninayejua kwamba jani kavu likipata unyevu linalainika kama ngozi na kunywa hewa mpaka linatosheka, sikuwaza lolote. Akili yangu yote ilikuwa kwenye mahameli.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mama Shabani alikuwa amewatangazia watu kwamba kuna mwanamke atakayeruka, na watu walikuja wamevaa vizuri. Baba mdogo alikaa benchi la nyuma, kofia yake juu ya goti. Nyuma ya pazia, Mzee Chomola na Zuhura walivuta robota, wakalifunga, na mzee akashika kiuno.

"Mnyamwezi, hili limenenepa."

"Wewe ndiye uliyekonda, mtoza ushuru. Kaza fundo."

"Haya. Mimi nimesema."

Sudi alisoma vizuri, jamani. Sauti yake ilitetemeka ukurasa wa kwanza, kisha ikapata miguu. Alipofika pale wapagazi wanapopigishwa magoti, nilichungulia nikaona mwanamke mmoja amejishika bega kama vile mzigo uko kwake. Nikasema moyoni, tumeshinda. Ikafika zamu yangu. Nikatoka mbele ya pazia, nikakunja uso wangu wote, nikainua mikono, nikatamka yale maneno niliyokuwa nayakariri huku nikishona: "Mimi ndiye Bibi Mvuto! Hakuna kitakachopanda wala kushuka bila amri yangu!"

Zuhura akafungua fundo.

Sikupanda taratibu. Nilirushwa juu kama kizibo cha soda iliyotikiswa, nikaiona sakafu inaniaga, bega langu likagonga boriti na vumbi la miaka mingi likanimwagikia machoni, na kule nyuma robota likashuka kwa kishindo, likalipitia pazia, likaliangusha lote chini. Watu wakaona kila kitu: kapi, kamba, Zuhura mdomo wazi, Mzee Chomola kando yake, na gunia kubwa katikati. Nami juu, gauni la mahameli limepasuliwa na msumari wa boriti, ndani nimevaa suruali ya mpira ya Sudi, ya njano. Ndala ya mguu wa kushoto ikanitoka, ikaenda kutua mapajani mwa mtu wa benchi la mbele.

 Kisha nikasikia sauti ya baba mdogo, ya mtu anayeuliza kweli: "Lile si robota langu?"

Hapo wakacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kilianzia mbele kikaenda nyuma kikarudi, Mama Shabani alikuwa amemlalia jirani yake. "Toa amri basi ushuke, Bibi," mtu akapaza. "Amri imekwama na yeye," mwingine akamjibu. Mimi nikajaribu kujivuta chini, ndiyo nikaanza kuzunguka, polepole, kama nyama kwenye mshikaki, na kila nikimaliza mzunguko namwona baba mdogo: mzunguko mmoja ameketi, wa pili ameshika kofia, wa tatu amesimama na kofia iko kichwani. Wakimcheka, alikuwa amesema. Na mimi ndiye niliyewachekesha. Mdogo wangu atapanda treni kwa sababu dada yake alitaka kupaa. Machozi yalinilenga, si kwa ajili ya bega.

Ndipo Sudi akazungumza. Hakupaza sauti. Alifunga kitabu, akageuka kunitazama, akasema kama anayesoma: "Na siku hiyo Bibi Mvuto akagundua jambo ambalo hakulijua. Aliyeiba uzito wa watu wote, wake mwenyewe ulikuwa umemtoka."

Mbele wakanyamaza kwanza.

"Akaitazama ardhi," Sudi akaendelea, "ardhi ileile aliyowapigisha watu magoti, akaitamani. Akatamani hata mzigo mmoja, hata wa chumvi tu, wa kumrudisha chini. Lakini wapagazi aliowanyang'anya walikuwa wamesimama chini yake, wanamtazama, na hakuna hata mmoja aliyedaiwa huruma."

Jamani, nilikuwa nazunguka juu ya vichwa vya watu, nimejaa vumbi, mguu mmoja wazi, na bado mwili ulinisisimka. Ukumbi mzima ulikuwa umeinua nyuso, hakuna aliyecheka. Walikuwa wananitazama kama vile mimi ndiye yule. Mwanamke wa benchi la tatu akasema kwa hasira ya kweli, "Abaki hukohuko." Nikazunguka tena, nikamwona baba mdogo amekaa.

Kilichobaki ilikuwa ni kunishusha, na cha kufanya kilikuwa kimoja, watu waliinue robota. Mzee Chomola akaliendea. Akalipapasa. Akaketi juu yake.

"Mtani, inuka uninyanyulie hicho kitu," nikamwambia.

"Wewe upo wapi, Mnyamwezi?"

"Huoni?"

"Naona uko safarini. Na njia hii ina wenyewe. Babu yako alilipa kupita kwetu, baba yake alilipa, na wewe utalipa."

Ukumbi ukachangamka, maana utani kila mtu anaujua. "Mtoze, mzee!" wakasema. Hata Sudi alitoa kicheko, nami sikumlaumu.

"Taja ushuru wako," nikasema. "Gauni nitakushonea."

"Sivai magauni." Akafikiri kidogo, akajiweka vizuri juu ya robota. "Mimi watani wangu wa hapa wamekwisha. Wengine wamehama, wengine wametangulia. Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayekuja. Ulale ndani ya kaburi langu, ukatae kutoka, uwasumbue wanangu mpaka wakulipe ndipo wanizike. Na ulie kilio cha uongo, kikubwa, cha kuaibisha. Nisizikwe kimyakimya kama mtu asiyekuwa na mtani."

Nikafuta vumbi machoni nimwone vizuri. 

"Nitakuja," nikasema.

"Sema kwa sauti, wakusikie."

"Nitalala kaburini kwako, mtoza ushuru, na sitatoka kwa bei rahisi!"

"Sasa umekuwa mtu," akasema, akainuka, yeye na vijana wa benchi la mbele wakaliinua robota, nami nikarudi duniani kitako mbele.

Nilipojifungua mkanda (haukuachia hata uzi mmoja, na hilo lisemwe pia) nikamkuta baba mdogo amesimama mbele ya Sudi. Alilitazama robota lake, akanitazama mimi. "Umekua kwenye tumbaku, mama, hujui jani linakunywa mvua?"  Akamgeukia Sudi, akakohoa.

"Halafu ikawaje? Wale wapagazi mizigo yao waliipata?"

"Hapo sijachora bado, baba mdogo."

"Ah." Akazungusha kofia mkononi. "Basi kachore. Huwezi kumwacha mtu njiani namna hiyo."

Jumatatu treni ya Urambo iliondoka na baba mdogo na robota lake. Sudi yupo mezani kwangu hivi ninavyosema, amezagaza karatasi za kaki juu ya sketi ya mteja, na watu wanasimama mlangoni kumwuliza Bibi Mvuto alishukaje. Mimi wananiita jina hilo sokoni, naitika. Lakini kupaa, nimeapa, basi. Hata pazia la mteja sasa nalitungikia kwa fimbo ndefu, miguu yangu yote miwili ikiwa chini, na kitu chochote kilichokaa ndani masika nzima siamini tena maandishi ya ubavuni mwake.

Deni la Mzee Chomola sijalilipa. Kila asubuhi anapita mbele ya cherehani yangu anakwenda kufungua ukumbi, amenyooka kama nguzo ya simu, hana hata kikohozi.

"Mnyamwezi, deni langu unalo?"

"Ninalo, mtoza ushuru. Nani kakwambia nina haraka ya kulipa?"