Swali la Punje ya Haradali

Leo asubuhi dada ninayepanga naye hapa kwa Wachina, mtaa wa Huanshi Zhonglu, amefungua mzigo wake wa mikoba ya biashara kutoka viwanda vya Shiling, akaikung'uta dirishani. Vumbi likapanda, jua likalipata, nami nikasahau chai. Mezani ilikuwepo sura ya tasnifu yangu juu ya wahenga wa Kihindi na chembe zisizogawika, msimamizi ameipiga mstari mwekundu: "Toa. Habari za chembe zilianza Ugiriki." Nisipoitoa, hasaini.

Si mara ya kwanza kuambiwa nifute, rafiki yangu.

Kule Tanga, utotoni, bibi alinituma na ungo kwa jirani yetu wa Kihindi, mama muuza nafaka, nimsaidie kuchagua mchele. Duka lilinukia bizari na magunia, na bati lilikuwa na tundu. Jua likipenya hapo, jirani huacha mchele anionyeshe vumbi.

"Unaona vumbi ile moja? Ndiyo ndogo kabisa jicho inaweza kuona. Ndani iko jozi tatu. Chembe sita, na chembe haigawiki tena."

Mbishi mimi, nikauliza kwa nini isigawike. Akaniwekea punje ya haradali kiganjani. "Ukigawa bila mwisho, hii na mlima wa Usambara itakuwa na vipande sawa. Inaingia akilini?"

Aka! Haikuingia. Alisema hoja hiyo ni ya wahenga wao, na mmoja wao waliyemwita mla punje aliishi kwa kuokota nafaka mashambani.

Nikaiandika kwenye daftari la sayansi. Mwalimu akasema ni porojo za dukani, nifute. Sikufuta. Akaniadhibu, nikang'oa nyasi za uwanja mpaka viganja vikatoka malengelenge. Bibi akinikanda kwa maji ya chumvi alicheka: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umeshainama, usikiachie."

Duka lile sasa linauza simu, dari ya jipsamu, tundu hakuna. Jirani alihamia kwa wanawe, bibi tumemzika. Mimi sisemi wahenga wale walikuwa na hadubini. Nasema walikaa wakafikiri. Anayetaka hoja yao itoke aishinde kwanza, asiipige mstari tu!

"Mwenzangu, toa urudi nyumbani na cheti chako," dada ananiambia.

Nakitaka, tena naogopa. Lakini pembeni ya wino mwekundu wa msimamizi nimeandika swali la jirani, na chini nimebandika kwa utepe punje moja ya haradali, kutoka kopo la achari la dada. Kesho nampelekea. Ajibu.