Baronesa wa Dona Idalina

Kwenye kijito chetu cha Tauari hakuna aliyekaanga unga wa muhogo kama Dona Idalina. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mikono ya chuma, maneno machache. Nyumbani aliishi na ndege mmoja tu, wa manyoya ya kahawia yenye mabaka, aliyemwokota majini akiwa kinda, mwaka wa mafuriko. Akamwita Baronesa, kama mke wa bwana mkubwa, kwa maringo yake: shingo nyembamba ikiyumba kulia na kushoto, miguu ya rangi ya chungwa ikinyanyuliwa polepole, kana kwamba sakafu itamchafua. Akiona nzi, hutulia tuli; kisha mdomo chap! Nzi hayupo.

Jirani yake Eliezer, mtega kamba wa mtoni, hakuchoka kumtania.

"Jirani, nyumba yote hii unaishi na jani kavu?"

"Jani langu linakula nzi. Mbwa wako anakula kuku wa watu."

Kweli, mbwa huyo, Trovão, alikuwa tishio la kijito kizima. Asubuhi moja Eliezer alikuja kuchukua unga. Mbwa akamtangulia kwenye ngazi ya kupandia kutoka mtoni, akamwona Baronesa barazani, akamrukia. Idalina akapiga yowe.

Baronesa hakukimbia. Aliinamisha kifua, akainua mkia, akakunjua mabawa. Lile jani kavu likawaka: manjano, wekundu wa kutu, weusi, na duara mbili kubwa kama macho ya jitu. Trovão akageuka mbiombio, akamkumba bwana wake, wote wawili wakatumbukia mtoni chubwi!

Eliezer alipoibuka na matope kichwani, Idalina alikuwa amekaa chini, anacheka hadi machozi. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu amzike mumewe.

Basi Eliezer akawa haishi kuja. "Nimemletea Baronesa kamba. Labda leo atanifungulia mabawa."

Baronesa alikula kamba, mabawa asifungue. Hakumwogopa hata kidogo.

Mvua ziliporudi, ndege akapata mwenzake msituni, wakajenga kiota cha matope juu ya tawi. Kesho yake Eliezer akaja na kamba vilevile.

"Mwenzio kashaolewa," Idalina akamwambia. "Hao unamletea nani?"

Eliezer akajikuna kichwa. "Kwani mwenye nyumba hali kamba?"

"Anakula. Ila waoshe kwanza. Ndoo ile pale."

Akaosha.

Padri alipopita na mashua yake mwezi wa Desemba, akawafungisha ndoa. Mimi nilicheza mpaka kiatu kikakatika.