Msimu wa Fundi wa Kimeo

Nilikitupa chooni. Nianze na hilo, kwa sababu ukoo mzima wa mume wangu umeshalisimulia kwa namna yao, na katika masimulizi yao mimi ni mwehu niliyeingia uani nikamvamia mzee wa watu bila sababu. Sababu ilikuwepo. Ilikuwa imelazwa chali kwenye mapaja ya bibi yake, mikono imefungwa kwa kanga, mdomo umepanuliwa kwa mpini wa mwiko. Ilikuwa ni mwanangu wa kiume, ambaye hata miaka mitatu hajafikisha.

Mama mkwe alikuwa amemshika kichwa. Wifi yangu alikuwa amepiga magoti pembeni, anamulika koo la mtoto kwa tochi ya simu. Mbele yao alichuchumaa mzee aliyevaa koti la suti na ndala, mkononi ana kisu chembamba kilichopinda nchani. Hakuna aliyenisikia nikiingia, maana mtoto alikuwa analia ule mlio wa mtu asiyeweza kufumba mdomo. Ukishausikia mlio ule huusahau.

Nilikuwa na ndoo ya mahindi kichwani. Sikumbuki kuitua, nakumbuka tu mahindi yakisambaa uani na kuku wakija mbio. Nikampokonya mzee kisu, nikatembea nacho mpaka nyuma ya nyumba, wala sikukimbia, nikakidondosha kwenye shimo la choo. Nikarudi nikamnyanyua mwanangu.

"Umefanya nini wewe?" mama mkwe akauliza.

"Kaangalie."

Mzee akasimama taratibu, magoti yakilia. "Kisu kile nimerithi kwa baba yangu," akasema.

"Shimo liko wazi, mzee. Kifuate."

Sijawahi kumjibu mtu wa umri ule namna ile. Nimelelewa Handeni, kwetu mkubwa unamwamkia hata kama amekukanyaga. Lakini siku ile shikamoo ilinikauka, na mpaka leo naandika haya haijarudi kwa yule mzee.

Kwa asiyejua, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia ndani kabisa kooni, unakiona ukipanua mdomo mbele ya kioo. Kila binadamu anacho. Huku kwa wakwe zangu Mashewa, mtoto akikohoa wanasema kimeo kimerefuka, kinamtekenya koo, kikiachwa kitamuua. Kwa hiyo anaitwa fundi, anakikata. Hakuna ganzi. Damu ikitoka wanasema ni uchafu unatoka. Na msimu mkubwa wa fundi ni likizo ya mwezi wa sita, wakati wa kipupwe, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na kila mtoto ana kamasi na kikohozi. Wajukuu wote wamerundikana kwa bibi zao, mama zao wako mbali, wanauza, wanalima, wanafanya kazi za watu mjini. Fundi anapita nyumba kwa nyumba. Hana haja ya kutafuta wateja, likizo inamkusanyia.

Mimi naishi Mkata. Nauza chai na chapati pale mabasi yanaposimama. Shule zikifungwa, mila ya nyumba ya mume wangu ni kwamba watoto wanapelekwa Mashewa, waijue asili yao. Sikatai. Mwaka huu nilisema nitakwenda nao mwenyewe, nifunge kibanda, kwa sababu mdogo alikuwa anakohoa. Nilikuwa nimeshampeleka zahanati. Mganga alimsikiliza kifua, akamchungulia koo, akasema ni mafua ya baridi, mvalishe sweta, mpe maji ya uvuguvugu, usimwache karibu na moshi. Hayo matatu tu. Sasa mpeleke mtoto huyo kwenye nyumba ambayo jiko la kuni liko ndani na watoto wanalala hukohuko jikoni kwa ajili ya joto, uone kama hatakohoa.

Nilimwambia mama mkwe habari ya moshi. Akacheka, akamwambia wifi yangu, "Msikilize. Wa Handeni amekuja kutufundisha baridi."

"Kwao wanaijua wapi baridi," wifi akadakia. "Mtu amezoea jua na bada."

Bada ni ugali wetu wa muhogo. Nikacheka nao. Likizo ni siku nyingi, ukinuna siku ya kwanza utanuna mpaka shule zifunguliwe. Nilipika, nikachota maji, nikachambua maharage, nikawaogesha wajukuu wanne waliokuwepo, wawili wangu na wawili wa shemeji zangu, ambao mama zao wako Tanga na Dar. Jioni nawasugua miguu iliyopasuka kwa baridi, wanagombania mafuta, yule wangu mkubwa, aliyeko darasa la kwanza, anawahesabia wenzake zamu. Hizo ndizo raha nilizopata kwenye likizo ile, na zilikuwa raha kweli, siwezi kuzikana kwa hasira.

Lakini kila usiku mwanangu akikohoa, namsikia bibi yake ng'ambo ya ukuta akisema peke yake kwa sauti ya kunifikia: "Kimeo hicho."

Nilimjibu mara moja tu, asubuhi, tukiwa tunamenya ndizi. Nikamwambia, "Mama, mwanangu hakatwi kimeo. Hospitali wamekataza."

"Nimewakatisha wangu wote. Baba yake huyo nilimkatisha. Yupi amekufa?"

"Wa wifi nusura."

Wifi akainamisha kichwa kwenye ndizi zake. Mtoto wake wa kiume, ambaye likizo hii alikuwa kwa baba yake, alikatwa likizo ya mwaka uliopita, akatapika damu, wakamkimbiza hospitali Korogwe mjini, akaongezewa damu. Unajua maelezo ya ukoo ni yapi? Kwamba mama yake alimpa chai ya moto mapema. Fundi hana kosa, kisu hakina kosa, bibi hana kosa, kosa ni chai. Na wifi yangu ameyameza maelezo hayo. Anayarudia mwenyewe, kama aliyefundishwa sala.

Mama mkwe akasema, "Haya, yamekwisha." Nikaamini. Huo ulikuwa ujinga wangu na siurudii.

Siku yenyewe akanituma mashineni kusaga mahindi. Mashine iko mbali na foleni yake ni ya nusu siku, alijua hilo vizuri. Akaniambia nimwache mdogo, njia ina vumbi, ataongeza kikohozi. Nikashukuru. Nilimshukuru kwa mdomo wangu. Kufika mashineni, umeme umekatika. Nikageuza na mahindi yangu.

Kama umeme ungekuwepo, mwanangu angekatwa. Hilo tu ndilo lililomwokoa, siyo akili yangu wala huruma ya mtu.

Nilipokuwa nimembeba, ndipo nikawaona waliobaki. Wamekaa kwenye mkeka ukutani, wamepangwa kwa umri, wamevalishwa nguo za zamani zisizoogopa damu. Binti yangu alikuwa wa pili. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayelalamikia kukatishiwa shughuli, "Mama, babu alisema tukipanua mdomo vizuri tunapewa pipi."

Basi pipi ilikuwepo kweli. Wifi alikuwa nayo mfukoni, pakiti nzima.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alifungua kanga iliyokuwa imefunga mikono ya mwanangu, akaikung'uta, akaikunja, akapiga simu Dodoma, kwa mume wangu, ambaye ni fundi ujenzi huko. Akaweka sauti kubwa, watu wote tusikie, na majirani walioanza kusogea kwenye uzio nao wasikie.

"Mkeo ametupa kifaa cha mzee chooni," akamwambia.

Mume wangu akasema, "Mama watoto, upo hapo?"

"Nipo."

"Mimi nilimruhusu mama. Mtoto anakohoa kila baridi, tufanyeje?"

"Ulimruhusu lini?"

"Juzi."

"Juzi ulizungumza na mimi ukaniuliza kama nimekula."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Sasa unaona."

Nilichoona ni kwamba mwanamume huyu, ambaye nimemzalia watoto wawili, ananijua vizuri kabisa, na alichokifanya na ujuzi huo ni kunizunguka. Akaendelea: nimwombe mama radhi, nimtafutie mzee kuku wa kumpoza, yaishe, watu wasicheke. Hakuuliza mtoto ana hali gani. Mdomo wa mtoto ulikuwa umechubuka pembeni kwa ule mpini, na alikuwa ananing'ang'ania shingoni mpaka kucha zinaingia. Mtu anayejali angeuliza.

Nikakata simu, siyo yangu, ya mama yake.

Nilipokwenda kuchukua mizigo nikakuta nguo za watoto zimefungiwa chumbani kwa mama mkwe. Ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake. "Wewe nenda," akaniambia. "Umechoka, kapumzike kwenu. Watoto wa nyumba hii hawaondoki likizo haijaisha. Fundi anacho kisu kingine nyumbani kwake."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayeniambia chakula kipo. Hapo ndipo nilipoacha kubishana. Nikamfunga mdogo mgongoni, nikamshika mkubwa mkono, nikatoka kama tulivyo. Mama mkwe akasimama mlangoni akaanza kuwaambia majirani kwamba naiba watoto. Kuna jirani mmoja, mama mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, usivunje nyumba kwa kikohozi." Nikamwambia aniitie bodaboda.

Wifi akatufuata barabarani. Ameshika viatu vya binti yangu na sweta la mdogo, ameviingiza ndani ya gauni ili mama yake asione. Akamvisha mtoto viatu huku ameinama, hanitazami.

"Wifi," akasema, "mimi nilimulika tu."

"Ulimulika."

"Ukienda kokote, usinitaje."

"Wa kwako alitapika damu mikononi mwako."

"Ndiyo maana nakuomba," akasema. Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani, na sikuwa na muda wa kumuuliza, bodaboda ilikuwa imefika.

Tulishuka Korogwe mjini mchana. Njiani pikipiki ilikuwa inarusha upepo wa baridi, mdogo anakohoa mgongoni, na kila akikohoa dereva anageuka kunitazama. Akasema, "Dada, huyo kimeo hicho." Ningemjibu tungeanguka wote.

Kwanza nikampeleka mtoto hospitali akatazamwe koo. Halikuguswa. Mganga aliniambia hivyo, nikamwomba atazame tena. Kisha nikaulizia dawati la polisi la jinsia na watoto, nikaelekezwa. Kulikuwa na askari mwanamke, amevaa sweta juu ya sare, anapasha mikono kwa kikombe cha chai. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Halafu akauliza, "Mtoto amekatwa?"

"Hajakatwa."

"Ana jeraha?"

"Mdomo."

"Sasa mama, hili mbona kama la kifamilia? Wazee wangekaa wakayamaliza."

"Wazee ndio waliomshika," nikamwambia. "Au nirudi akishakatwa?"

Akanitazama. Akamtazama binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anamwonyesha mdogo wake jinsi ya kupanua mdomo vizuri ili upewe pipi. Askari akasukuma chai pembeni, akavuta karatasi.

Akauliza anayelalamikiwa ni nani, nikataja. Fundi. Mama mkwe. Wifi, kwa kumulika, na nikaeleza pia kwamba alileta viatu na kwamba mtoto wake mwenyewe aliponea chupuchupu, aandike yote mawili. Kisha nikamtaja mume wangu. Kalamu ikasimama.

"Huyu yuko Dodoma, umesema."

"Aliruhusu."

"Ukishamwandikisha, mama, ujue nyumbani hapatakuwa kama zamani."

"Zamani ndiyo hiyo niliyokusimulia."

Akaandika. Aliponisomea nikamsahihisha mahali pamoja, alipoandika "kutokuelewana kuhusu matibabu ya mtoto." Nikamwambia afute, hakukuwa na matibabu. Akafuta. Malalamiko niliyoweka saini ni haya:

Mimi ni mkazi wa Mkata, wilaya ya Handeni, mama wa watoto wawili. Ninalalamika kwamba nikiwa likizo kwa wakwe zangu Mashewa, wilaya ya Korogwe, mama mkwe wangu aliniondoa nyumbani kwa kunituma mashineni, kisha yeye na wifi yangu wakamfunga mwanangu mikono na kumpanua mdomo ili fundi amkate kimeo kwa kisu, jambo nililolikataa waziwazi. Mume wangu aliruhusu akijua nimekataa. Binti yangu alikuwa kwenye foleni ya kukatwa. Nilikitupa kisu chooni mimi mwenyewe na sikiombei radhi. Watoto wangu ninao. Lakini katika nyumba ile wamebaki watoto wawili wa shemeji zangu, mama zao wako mbali na hawana habari, na nimeambiwa kwamba fundi ana kisu kingine. Ninaomba aende mtu leo.