Jicho Lisilosogea

Jirani wa mlango wa pili alininong'oneza pale bombani kwamba Fundi ana jicho. Nikamwambia hata mimi ninayo, tena mawili. Akasonya. Eti hilo la Fundi halina kope, kalifungia ndani ya simu, na kila akimaliza mshono hulifungua akalipima kwa uzi. Nguo zangu nisimpelekee tena, mtoto wangu bado mchanga.

Nilimpelekea. Gauni lilikuwa limechanika kwapani, na Fundi ndiye aliyemshonea mwanangu nepi za mwanzo kwa vitambaa vya mabaki, bila kuombwa.

Nilimkuta anashona sare za shule, mguu haupumziki kwenye cherehani. Mumewe alipofariki watu walidhani atauza mashine. Yeye akaongeza ya pili. Ndivyo alivyo, akishaamua ameamua. Alipofika mwisho wa mshono akakata uzi kwa meno, akafungua simu. Kweli, jicho lilikuwepo: mawingu meupe yaliyojisokota kama maji yanayoingia shimoni, na katikati tundu jeusi.

Hakunificha. Ni kimbunga, kimepigwa picha na setilaiti juu ya bahari ya Atlantiki. Mwanawe wa pekee ni mpishi wa meli ya mizigo huko huko. Ndiye aliyemtumia hiyo picha, akaweka alama nyekundu penye meli yao, akamwambia mtandao wa melini ukipotea asihangaike. Ukapotea. Tangu hapo mama wa watu anapima kwa uzi, kutoka jichoni hadi kwenye ile alama.

"Halijasogea hata unywele," akaniambia. "Nami sibanduki. Tutakodoleana macho mpaka lione haya."

Nikainamia simu, mtoto akinivuta kola. Pembeni chini kulikuwa na tarehe ya Ijumaa, na sisi tulishafika Jumatano. Nilitamani kunyamaza, maana uso wake ulikuwa umetulia. Lakini uzi ule aliushika kwa imani mno, nikashindwa kumwacha nao.

"Mama," nikasema taratibu, "hii ni picha, siyo dirisha. Ni ya Ijumaa. Haiwezi kusogea."

Akautazama uzi. Akauviringa kidoleni, akautupa kwenye kapu la vipande. Sikuona chozi. Alisukuma sare pembeni, akaifuta simu kwa pindo la gauni lake, akanipa.

"Lete mtoto nimshike," akasema. "Wewe nitafutie ya leo."