Minandi Juu ya Mtumbwi wa Baba

Hebu piga picha ya ghuba isiyoonyesha maji. Maji yapo, lakini kuanzia miguuni pako hadi mbali ni majani mapana ya gugumaji, ya kijani, yamebanana hata mbuzi angeweza kudhani ni malisho. Katikati ya majani hayo upondo mmoja, mti wa kusukumia mtumbwi, umesimama wima, na juu yake ndege mweusi amekunjua mabawa. Haondoki. Watu wamejaa ufukoni wakimtazama.

Nilipokuwa mtoto, miaka ile ya tisini gugumaji lilipokuwa bado geni upande wetu wa Homa Bay, nilisimama miongoni mwa watu hao. Mtumbwi uliokuwa chini ya yule ndege ulikuwa wa baba yangu.

Ndege mwenyewe ni mnandi. Minandi walikuwa na mti wao karibu na boma letu. Kinyesi chao kilikuwa kimeupaka weupe mpaka ukafa, yakabaki matawi matupu na harufu ya samaki iliyotufuata hadi kwenye uji. Nilipenda kuwatazama. Kinda alitumbukiza kichwa kizima kooni mwa mzazi wake kuchukua chakula, nami kila mara niliogopa kwamba hatatoka. Wakubwa walipiga mbizi, wakaibuka wamelowa chepechepe, maana manyoya yao hayazuii maji kama ya bata. Ndipo walipotafuta mahali pa juu na kukunjua mabawa ili yakauke.

Hivyo ndivyo ninavyoeleza leo darasani. Dani, nyanya yangu mzaa baba, alieleza kwa namna yake.

"Hao ni watu waliomezwa na ziwa," alisema. "Wanatoka kuanika nguo."

Kwa hiyo hatukuruhusiwa kuwatupia mawe. Tena mnandi akikunjua mabawa juu ya mtumbwi, alisema, anamkaribisha mwenzake mpya. Mtu asikaribie mpaka ndege ayakunje mwenyewe, ama sivyo naye atafuata. Ufuko mzima uliishika sheria hiyo, hata wanaume waliojifanya kuicheka.

Asubuhi ile minandi hawakwenda kuvua kwenye ghuba yetu. Waliruka moja kwa moja kuelekea maji ya mbali.

"Wuoda," Dani alimwambia baba, akimwita mwanawe kwa Kiluo, "ndege wamehama. Ghuba itafungwa leo."

"Mama, wewe ungependa nivue ndani ya sufuria."

"Na hilo sweta? Kichwa bado kinakugonga?"

"Kitagonga hukohuko majini," baba alisema, akacheka, akaondoka peke yake.

Mchana upepo uligeuka, ukalisukuma gugumaji lote upande wetu. Mitumbwi mingine ilirudi kwa shida. Wa baba haukurudi. Mama alitembea ufukoni akiuliza kila mtu, mpaka Odongo, jirani yetu aliyekuwa mvuvi pia, alipouona ule upondo. Tuliutambua kwa kitambaa chekundu kilichofungwa katikati. Mtumbwi wenyewe ulifichwa na majani, lakini minandi walikuwa wamejipanga ukingoni mwake, na mmoja juu ya upondo, wote mabawa wazi.

Wanaume walikuwa na mapanga mikononi. Wangeweza kukata njia. Hawakusogea.

"Odongo, nendeni!" mama alilia. "Nileteeni hata mwili!"

"Min Awino," Odongo alijibu kwa upole, akimwita mama kwa jina langu, "mabawa yako wazi. Tungoje wayakunje." Kisha akaongeza polepole, "Na mnandi hatui karibu na mtu aliye hai. Unajua hilo."

Nililijua. Mara ngapi nilinyemelea mti wao, wakaruka kabla sijafika? Kama wamekaa pale wametulia, basi mle ndani hakuna anayejongea.

Mwanamke mmoja alifungua kitambaa cha kichwa na kuanza kuomboleza. Dani alimgeukia.

"Nani amekupa maiti ya mwanangu? Funga mdomo!"

Manyunyu yakaanza. Nilimvuta Dani nguo.

"Dani, hawatakunja. Siku za mvua hawakauki. Nimewaona."

"Nyamaza, nyathina, mtoto wangu," alisema, lakini mkono wake ulinibana bega. Wote wawili tukaendelea kuutazama ule upondo. Nilijaribu kutopepesa macho. Mvua ilinitiririka usoni, na ndege walisimama vilevile kama waliochongwa.

Ghafla wakaruka. Hawakuruka mmojammoja kama wanapochoka, bali wote pamoja, kwa fujo, wakipigana mabawa. Niliangalia juu kama kuna tai. Hakukuwa na kitu.

"Wameshtuka!" nilipiga kelele. "Dani, kuna kitu kimewashtua!"

Wanaume walitazamana. Mabawa hayakuwa yamekunjwa. Nani angejua sheria inasemaje hapo?

Dani alijua, au aliamua kujua. Aliingia majini hadi magotini, akainua mikono.

"Wameanua nguo zao!" alipaza sauti. "Mmeona? Wameanua, wamekwenda! Odongo, unangoja nini, nikukatie mimi na meno yangu?"

Odongo aliinua panga. Wengine wakamfuata.

Walimkuta baba amelala chali ndani ya mtumbwi, sweta limelowa, akitetemeka kwa malaria, hawezi kuinua kichwa. Baadaye, alipotoka hospitalini, alituambia alisikia kucha za ndege zikikwaruza ubao na watu wakiita mbali. Sauti haikumtoka. Alijikusanya kwa muda mrefu mpaka akaweza kulipiga teke kopo la kuchotea maji.

Siku hizi nafundisha huku Migori. Nikifika kwenye somo la ndege wa majini, hutokea mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo dani wako alikuwa anadanganya?" Nafikiri juu ya sheria yake, iliyokaribia kumwacha baba afe mbele ya macho yetu. Nafikiri pia kwamba asubuhi yeye ndiye aliyewasoma ndege vizuri kutushinda sote. Na jioni, ilipobidi, aliifungua sheria hiyo kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya watu ambao wasingemsikiliza mtoto wala mke anayelia. Kama aliamini kweli kwamba nguo zilianuliwa, sikuwahi kumuuliza.

Basi, siku ukipita ufukoni ukamkuta mnandi amekunjua mabawa, usimtupie jiwe. Simama kidogo umtazame. Na akiruka ghafla, tafadhali kumbuka hili moja: angalia pale alipokuwa amekaa.